Wiki Tatu za Kupatanisha Paka

Sikuwa mtu wa kumaliza kitu. Shule niliiacha darasa la saba. Baada ya hapo nimesomba mbao, nimechambua plastiki kwenye jalala la Dandora, nimepaka rangi nyumba za watu, na kila kazi niliiacha mara tu nilipoelewa inavyofanywa. Ndiyo maana siku nilipoingia kwa shangazi yangu, mtaa wa Lucky Summer, na paka jike ndani ya gunia, hakuuliza nimemtoa wapi. Aliuliza, "Na wewe ukiondoka?"

Nilimtoa kwenye yadi ya mbao nilikokuwa kibarua. Yadi ilikuwa inafungwa, na tajiri alishasema atamtupa. Lakini shangazi alikuwa na wake tayari: paka dume mzee, na kuku mmoja aliyelala chini ya sinki. Akanipa wiki tatu za kuwazoesha. "Mzee wangu akihama, huyo wako hana nyumba hapa."

Nilianza kwa kosa. Kwetu watu wakikosana huketishwa kwenye sinia moja ya pilau, na kabla haijaisha utaona wanasogezeana nyama. Nikadhani paka nao ni vivyo hivyo. Nikamwaga dagaa wa omena kwenye sinia, nikawaweka wawili hao pamoja. Manyoya yaliruka. Kuku akapanua mabawa, akamkimbiza mgeni hadi chini ya kitanda. Dume akaruka nje kupitia dirishani, akahamia paa la jirani kwa siku mbili.

"Umefukuza mwenye nyumba," shangazi akasema.

Nikazunguka nikiuliza watu. Aliyenisaidia ni mwenye bucha, ambaye paka wanne hushinda mlangoni pake. Alinicheka kwanza. "Unawakalisha kula hata hawajanusana? Anza na harufu, kijana."

Dume aliporudi, nilikata leso kuukuu vipande viwili, kila paka akalalia chake, na kila asubuhi nikawabadilishia. Mgeni nilimweka chumbani, dume sebuleni, pazia katikati. Kapeti ya plastiki ya shangazi ina miraba. Nikaweka sahani zao mbali, kila moja upande wake wa pazia. Siku waliyokula bila kunguruma, nilisogeza kila sahani mraba mmoja. Wakinguruma, narudi nyuma. Kuna juma tulilorudi nyuma mara tatu.

Ilipobaki miraba miwili, rafiki yangu alikuja kunichukua. Kulikuwa na kibarua Naivasha, lori linaondoka saa sita.

"Buda, twende."

"Siwezi. Nina paka."

"Paka?" Akaangua kicheko. "Kwani ni mtoi wako, umemzaa?"

Lori liliondoka. Mimi nilibaki nikipima kapeti, na sikujuta hata dakika moja.

Siku ya mwisho ya wiki ya tatu niliinua pazia lote. Sahani zilikuwa zimegusana. Dume alimtazama jike, jike akamtazama, kisha wakainamisha vichwa, wakala. Kuku alipita katikati yao akiokota makombo, na hakuna aliyemjali.

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni. Hakunipongeza. Alitoka nje akamwita jirani, yule mwenye paa, aje aone.

"Mashallah! Nani amewapatanisha?"

"Huyu wangu," shangazi akasema, akanishika bega mbele yake. "Amekaa nao mpaka mwisho."

Nilijifanya nakunja leso ili wasinione nilivyokuwa nikitabasamu.