Kilichotolewa Tumboni mwa Élise

Binti yangu Élise alizaliwa Shituru, katika nyumba za kampuni ya madini, mwaka ule baba yake Athanase alipoanza kazi kiwandani. Alikuwa mtoto wa kucheka. Alipovunja ungo, kicheko kikawa kinakatika kila mwezi. Alijikunja sakafuni kama mtu aliyepigwa teke, anatapika, hawezi kusimama. Shuleni walimwita mvivu. Kanisani walimwekea mikono, wakasema ni mume wa usiku, pepo anayemtesa usingizini. Mimi nilimchemshia majani, nikawa namwangalia tu.

Mwaka 1995, kiwanda kikiwa karibu kimenyamaza, Hénoc, kijana wa Kakanda, alileta watu wake kumposa. Kwa desturi yetu, kabla ya harusi msichana anafungiwa ndani na mama mmoja anayemfundisha mambo ya ndoa. Watu wa Hénoc walimtuma shangazi yake, Mama Madeleine. Mafundisho hayajafika hata katikati, nikasikia kelele chumbani.

Nilimkuta Élise chini, kitenge kimelowa damu yenye mabonge. Mama Madeleine alisimama kando ya ukuta, mikono kiunoni.

"Mama Élise, binti yako alitoa mimba! Ya nani?"

"Minye sikutoa kitu," Élise alisema, meno yakigongana. "Ni mwezi wangu tu."

"Bongo, uongo mutupu! Mwezi gani wa kuangusha muntu hivi? Minye nafundisha mabibi arusi tangu weye uko ku mugongo ya mama yako."

Neno lile likifika Kakanda, ndoa imekufa, na hakuna mwingine ambaye angebisha hodi kwetu. Nikasema twende hospitali sote watatu, damu ipimwe, Madeleine asikie kwa masikio yake. Niliamini damu inasema kila kitu.

Muuguzi, Georges, alitoa damu, akaenda nayo, akarudi akisema hakuna mimba.

"Si imekwisha kutoka!" Madeleine akacheka.

"Basi pima kitu kingine," nikamwambia Georges. "Pima hicho kinachomuumiza."

"Mama, damu haiko radio-trottoir, ile habari ya watu wa barabarani. Haisemake yote."

Dokta Philippe alimbonyeza Élise tumbo, akapata uvimbe upande wa kushoto. Alisema anashuku ugonjwa unaoitwa endometriosi: nyama kama ile ya ndani ya kizazi inaota nje ya kizazi, na kila mwezi nayo inavuja damu isiyo na pa kutokea.

"Kipimo chake cha damu kiko wapi?" nikauliza.

"Hakuna, mama. Hapa hakuna, na Ulaya hakuna. Bado wanatafuta. Ili kuwa na hakika, lazima tufungue tumbo, tuone kwa macho."

Watu waliojua kutafuta madini chini ya ardhi ya Shinkolobwe, hawajui kutafuta ugonjwa katika damu ya msichana?

Kwa upasuaji tulileta wenyewe glavu, uzi na mafuta ya jenereta. Kwetu, daktari akitoa kitu mwilini huwaita jamaa wakione, wasije wakasema aliiba kiungo. Dokta Philippe alitoka na beseni dogo. Ndani mlikuwa na mfuko uliopasuka, umejaa damu nzito, nyeusi kama mafuta machafu ya gari. Kitu kile kilikaa ndani ya mtoto wangu, nasi tulikuwa tunakemea mapepo.

"Hii haiko mimba?" Madeleine aliuliza kwa sauti ndogo.

"Haijawahi kuwa mimba. Ni damu ya zamani, ya miezi na miezi." Kisha daktari akanigeukia. "Katika ukoo wenu kuna mwingine aliyeumwa hivi? Mara nyingine inatembea katika familia, mama kwa binti, dada kwa dada. Wanafikiri kuna kitu kinachorithiwa."

Nilijibu kabla ya kufikiri. "Marcelline, dada yangu. Naye aliumwa hivi, na hakuzaa."

Nilipoinua macho, Madeleine alikuwa ananitazama.

Watu wa Hénoc walipokuja nyumbani kusikia majibu, Madeleine ndiye aliyesimama kusema.

"Huyu mutoto ni safi. Hakutoa kitu. Niliona kwa macho yangu."

Nikapumua.

"Lakini ile ugonjwa iko mu ukoo yao. Itaingia mu yetu."

Wakanyanyuka. Hénoc alilia barazani, akajifuta uso, akawafuata.

Nilikimbilia chumbani nikidhani nitamkuta Élise amevunjika. Alikuwa amekaa kitandani, kidonda bado kina nyuzi, amemshika mkono mdogo wake Princesse, ambaye hajavunja ungo.

"Siku ukianza kuumwa," alikuwa anamwambia, "usiite mchungaji. Hata mama usimwite kwanza. Uniite minye."

"Yaya," Princesse akamwita dada yake, "na minye niko nayo ile ugonjwa?"

Mimi mlangoni nilingoja aseme hapana, hata kama ni uongo wa kumtuliza mtoto.

"Sijue," alisema. "Hakuna mwenye kujua."