Vipindi Vinne vya Ntumba Moja

Siku ya kwanza kazini nilifika na mtoto wa miezi minne mgongoni na boksi la chaki mkononi. Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama mlangoni na koti lake la mvua. Akanitazama mimi, akamtazama mtoto.

"Huyo naye nimwandike kwenye mahudhurio?"

"Kama ni shida, mwalimu, nirudi nyumbani."

"Nimesema ni shida? Ingia, mwanangu. Wenzake wamekaa tangu saa moja."

Ndivyo nilivyoanza. Nawaandikia ninyi mnaojitolea sasa, mliomaliza kidato cha nne mkaambiwa mkashike darasa. Mtasema mstaafu gani huyu ana miaka ishirini na tisa. Ni kweli, lakini kazi ikishaisha imeisha.

Shule yetu ilikuwa shikizi, yaani tawi la shule mama. Wazazi wa kitongoji chetu, upande wa kwenda Kaengesa, walijenga vyumba viwili ili watoto wadogo wasivuke mto wakati wa masika. Madarasa yalikuwa matatu, walimu wawili wa kujitolea, na kengele ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inia kwenye mkaratusi. Mwalimu Mkuu alikaa shule mama, akija kwetu kila Jumatano kwa pikipiki.

Alinifundisha karatasi mbili. Azimio la kazi ni mpango wa mwaka mzima: mada gani, wiki gani. Andalio la somo ni mpango wa kipindi kimoja: utasema nini, mtoto atafanya nini, utajuaje kama ameelewa. "Mgeni akija," alisema, "hataangalia uso wako. Ataangalia hizi."

Nikazifuata kama misa. Darasa la pili na la tatu, waliokaa chumba kimoja, waliimba "mzingo ni jumla ya urefu wa pande zote" mpaka bati likaitikia. Siku moja nikawaambia, haya, nipeni mzingo wa meza yangu. Wakaitazama meza. Msichana mmoja wa darasa la pili, Skolastika, akanyoosha mkono.

"Madamu, meza ina mzingo?"

Nilirudi nyumbani na hasira. Sikuwakasirikia watoto. Nilijikasirikia mwenyewe, maana ndivyo nilivyofundishwa mimi, na ndiyo maana kidato cha nne nilipata nilichopata.

Wiki ya mada ya udongo ilipofika, mwezi wa saba, nikaamua tutoke nje. Tutapiga ntumba. Kwa wasiokuwa wa huku: ntumba ni kilima cha duara, majani ndani, udongo juu. Majani yanaoza, udongo unapata nguvu, maharage yanapandwa juu yake, na msimu unaofuata kilima kinabomolewa na ulezi unamwagwa hapo. Ufipa yote imelishwa hivyo. Nikaona hapo pana kila kitu: watapima, wataona kuoza, wataandika, wataulizana habari za wazee. Nilijiona nina akili sana.

Mwezi wa saba huku upepo unakata masikio na ardhi ni tofali. Jembe la kwanza likaruka. La pili likavunjika mpini. Majani yalikuwa makavu, yakipeperuka kabla hatujayafunika. Tulitoa kilima kimoja cha mabonge. Bibi Klementina, jirani wa shule, akapita na unga wake kutoka mashineni, akasimama.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mnamzika nani?"

Watoto wakaanguka kwa kucheka. Nikasema tunapiga ntumba, bibi, somo la udongo.

"Ntumba kwenye kipupwe? Wewe ni mtoto wa nani?"

Nikamtaja baba yangu, dereva wa malori Sumbawanga mjini.

"Aa. Wa lami." Akajitwika unga wake. "Ntumba ni mwezi wa tatu, mwalimu, majani yakiwa mabichi na ardhi imelewa maji. Hiyo karatasi yako nani aliiandika? Analima wapi?"

Mfipa mzima sikujua. Ila swali lake lilikaa kichwani mpaka Jumatano, nikampelekea Mwalimu Mkuu. Nikamwomba tuhamishe mada ya udongo iende mwezi wa tatu, na vipimo na insha viifuate hukohuko.

Alikuna kidevu. "Azimio likisema mwezi wa saba na wewe ukafundisha wa tatu, mimi nitajibu nini?"

"Useme majani hayakusubiri."

"Jeuri wewe." Lakini akachukua rula, akakata mistari, akaandika upya kwa mkono wake, na akatia sahihi.

Machi ya mwaka uliofuata tukapiga ntumba kumi na mbili, safu tatu za nne nne, na sikuhitaji kuimbisha tatu mara nne. Wakazungusha kamba kwenye kitako cha kilima, wakainyoosha chini, wakaipima kwa rula. Baada ya wiki mbili tukafukua moja: majani meusi, yananuka, yana minyoo. Bibi Klementina akaja kusimulia walivyokuwa wakialikana kulima, na pombe ya ulezi ikisubiri pembeni. Wakaandika aliyoyasema. Kuna aliyeandika kuhusu pombe tu. Sikumkata alama, maana sentensi zilikuwa zimenyooka.

Ndipo akaja Mthibiti Ubora. Huyo ndiye anayepita kukagua ufundishaji. Alitukuta nje, mimi na tope hadi magotini, Neema wangu mgongoni amelala. Yeye alikuwa na ratiba mkononi.

"Hiki ni kipindi gani?" akamuuliza Skolastika.

"Ntumba, mwalimu."

"Nimeuliza somo."

"Ndiyo. Ntumba."

Akanigeukia. "Ratiba inasema Hisabati. Hapa naona kilimo. Mimi nikakague nini?"

Nikamwambia amuulize mtoto mzingo ni nini. Akauliza. Skolastika hakuimba. Akachukua kamba, akakizunguka kilima, akabana kwa kidole pale ncha ilipokutana na kamba. "Ni hapa mpaka hapa. Ukitaka namba, nipe rula."

Yule baba akafungua kalamu yake. Halafu akaandika kwenye kitabu cha shule kwamba masomo yamechanganywa bila utaratibu, na kwamba mwalimu asiye na cheti afuate ratiba au aondolewe. Alisema atarudi wiki mbili zijazo.

Usingizi ulinipaa. Nilikuwa tayari kuondoka. Kilichonichoma ni kwamba mwenzangu wa chumba cha pili angewarudisha wale watoto kwenye kuimba, na Skolastika angeanza tena kuuliza kama meza ina mzingo.

Jumatano Mwalimu Mkuu akasoma yale maandishi mara mbili.

"Anataka vipindi," akasema. "Mpe vipindi. Ntumba ni moja, andika maandalio manne. Kamba ni Hisabati. Minyoo ni Sayansi. Bibi ni Maarifa ya Jamii. Kuandika ni Kiswahili. Dakika zikiisha, gonga kengele."

"Halafu niwahamishie wapi?"

"Nani kasema wahame? Kengele inabadilisha somo, haibadilishi watoto."

Mthibiti aliporudi, tulikuwa kwenye kamba. Andalio la Hisabati mkononi mwake. Rimu ikalia. Hakuna aliyenyanyuka, waliweka kamba chini wakaanza kufukua. Nikampa andalio la Sayansi. Rimu ikalia tena, Bibi Klementina akavuta kigoda chake karibu. Nikampa la tatu. Akatazama mkaratusi, akanitazama, akamtazama Mwalimu Mkuu aliyekuwa anakagua tairi la pikipiki lisilo na shida yoyote.

"Mmejipanga," akasema. Akatia sahihi. Akala na maharage yetu ya mchana.

Miaka sita nilifanya hivyo. Kisha shule ikapandishwa kuwa shule kamili, walimu wa ajira wakaletwa, na mimi nikaambiwa asante asubuhi moja kabla ya chai. Mwalimu Mkuu alikuwa ameshastaafu, hakuna wa kunisindikiza. Juzi nasikia walimu wameitwa semina kuelezwa kwamba siku hizi masomo yaungane na mtoto ajifunze kwa kutenda. Wanaelezwa kama jambo limeshuka jana. Nina hasira mpaka leo, na sitaki kuambiwa nipoe.

Mwezi wa kumi na mbili Neema, aliye darasa la kwanza pale pale, akarudi akasema ntumba za shule zinabomolewa. Sikufunga hata kanga vizuri. Njia nzima nilipanga maneno ya kumwambia yule mwalimu mpya na cheti chake.

Nikakuta watoto na majembe, vilima vinasambazwa, udongo mweusi kama masizi. Nikafungua mdomo. Neema akanishika mkono.

"Mama, mvua si imeshanyesha? Ulitaka zikae mpaka lini?"

Kwenye ndoo kulikuwa na mbegu za ulezi. Bibi Klementina alikuwa kwenye kigoda chake pembeni, akinitazama.

"Wa lami," akasema.

Mwalimu mpya, kijana mwembamba, viatu amevivua, akanisogelea na ratiba mkononi. "Shikamoo. Wewe ndiye Madamu Mama Neema? Watoto ndio walionianzisha hii kazi. Sasa kipindi cha Hisabati kimeisha na tuko katikati. Nifanyeje?"

Nilikuwa na maneno mengi. Nikayameza.

"Gonga kengele, mwalimu," nikamwambia. "Halafu endeleeni."