Nilivyomhukumu Zaituni Bila Kumaliza Kitabu

Jamani, hili jambo nimemficha mume wangu mwaka mzima, na ningeendelea kulificha kama nisingeona kwamba ni heri mlisikie kwangu kuliko kwa walimu wenzangu wanaolitia chumvi. Ni aibu, nakubali, na niliitafuta mwenyewe.

Mnajua mimi si mtu wa huku, nimetoka Singida, nikapangiwa sekondari moja jirani na Matema, kando ya Ziwa Nyasa, kufundisha Kiswahili. Kidato cha tatu tulikuwa tunasoma riwaya moja ya zamani (jina silitaji, nitaonekana naitangaza), inamhusu mwanamke anayeitwa Zaituni, aliyemwacha mume na watoto wawili akaenda zake. Sasa nakala yangu ilikuwa imechanika, kurasa za mwisho kama kumi na tano hivi hazipo, na badala ya kuazima nzima kwa mwanafunzi nikajisemea, aah, mwisho wenyewe si unajulikana? Mwanamke mbaya atajuta, ataomba msamaha, kitabu kitaisha. Hapo ndipo nilipojiponza.

Siku ya wazazi ikafika. Mkuu wa shule, mama mpole lakini akikutazama unanyooka, akaniambia, "Mwalimu Mariamu, waeleze wazazi kwa dakika tano tu watoto wanasoma nini kwenye fasihi."

Dakika tano! Nikapewa kipaza sauti, nikaanza habari za Zaituni, nikaona kinababa wanatikisa vichwa kukubali, mzee mmoja wa mbele akapiga makofi, nami makofi yakanilevya nikasahau saa. Nikawaeleza mume alivyowakorogea watoto uji huku machozi yanamdondoka, na Zaituni alivyokuwa na macho makavu na sauti ya kukwaruza, nikamalizia, "Ndugu wazazi, mwanamke anayeacha watoto wake hana moyo wa mama." Halafu, kama vile hayo hayajatosha, nikaitisha kura: anayemwona Zaituni ana hatia anyooshe mkono. Ikanyooka mikono mingi mno, hata wa bibi mmoja aliyekuwa anasinzia.

Mama mmoja wa nyuma hakunyoosha. Nilimfahamu, ni mama yake Tusekile, mwanafunzi wangu hodari kuliko wote; mama huyo ni mfinyanzi wa vyungu kutoka Ikombe, alikuja kwa mtumbwi asubuhi ile. Nikadhani hajaelewa swali (oneni ujinga wangu!), nikamwita kwenye kipaza sauti, "Mama Tusekile, wewe unasemaje?"

Akasimama taratibu, akajifunga kanga vizuri. "Ndaga, mwalimu," akasema, yaani asante. "Tusekile alinisomea hicho kitabu mimi nikiwa nafinyanga. Nauliza tu. Huyo baba kila akihuzunika tunaambiwa anawaza nini moyoni. Huyo mama mbona tunaonyeshwa macho yake tu na sauti yake? Moyoni mwake mwandishi hatuingizi mpaka mwisho kabisa."

"Mwisho kabisa?" Likanitoka, na kipaza sauti kikalipeleka mpaka nje.

"Si pale anapoongea mwenyewe, mwalimu."

Ningekiri pale pale yangeisha. Lakini wapi, nikajitia kujua. "Ehee, pale anapoomba msamaha."

Kidato cha tatu kizima kikaangua kicheko. Mkuu wa shule hakucheka, akachukua nakala ya Tusekile, akaifungua sura ya mwisho, akanipa. "Tusomee, mwalimu."

Nikasoma. Kumbe mume ndiye aliyemfukuza, akawakataza watoto kumtaja, na Zaituni alikuwa anakuja kila siku ya soko, anasimama mbali awaone wakipita, na ile sauti ilikauka kwa kuwaita mlangoni siku aliyofungiwa nje. Kurasa zote zile nilikuwa nimemchukia kwa sauti yake, na mwandishi alijua nitamchukia, maana kila kitu nilikiona kwa macho ya mume, nikalishwa machozi yake kijiko kwa kijiko, nami mwanamke mzima, tena mwalimu wa fasihi, nikameza. Jasho likanitiririka mpaka kwenye kurasa za mtoto wa watu.

Nilipomaliza, yule mzee wa makofi akauliza kwa upole kabisa, "Sasa mwalimu, kura zetu tunazirudisha?"

Nikajua nimefika mwisho wa kuaibika, kumbe bado. Wakati wa chakula mwalimu mwenzangu akaninong'oneza kwamba Mama Tusekile naye aliondoka kwenye ndoa yake ya kwanza, watoto wawili wakabaki kwa baba yao huko milimani. Sahani nikaiacha. Nikamfuata ufukweni, nikamkuta anasubiri abiria wenzake.

"Mama, nisamehe. Sikujua."

"Sijakasirika, mwalimu," akasema. Akalitazama ziwa kidogo. "Ila ile mikono ilivyonyooka, nikawaza, kumbe na mimi kule nilikotoka nasimuliwa hivi hivi."

Nikamshika mkono kumpandisha mtumbwini, wakaondoka.

Tangu siku ile kitabu nisichokimaliza sikishikii kipaza sauti, na darasani, kabla hatujamhukumu mwanamke yeyote, tunauliza kwanza ni nani anayetusimulia habari zake, na yeye amepewa nafasi ya kusema kurasa ngapi. Na hata nyie, mkiniletea habari za fulani aliyeikimbia nyumba yake, mtanisamehe, sitanyoosha mkono mpaka nimsikie mwenyewe.