Faiawoli ya Ofisi ya Wapima Ardhi

Nilifanywa mtu wa mitandao kwa sababu niliwahi kuchomoa karatasi iliyokwama kwenye printa. Ofisi yetu ilikuwa ya wapima ardhi, watu saba juu ya duka la vifaa vya ujenzi mjini Eldoret, na mimi nilikuwa karani. Ofisi jirani ilipoingiliwa na virusi ikapoteza mafaili yote, bosi wetu, ambaye sote tulimwita Mzee, aliitisha mkutano akatangaza kwamba tunanunua faiawoli, kile kifaa kinachokaa kati ya intaneti na kompyuta za ofisi na kuamua kipi kipite.

Nilisoma wiki mbili, nikapendekeza kifaa kidogo cha kutosha watu saba. Mzee aliangalia picha yake.

"Hii ndio italinda ofisi? Inakaa kama redio ya watchman."

Akachagua kubwa yenye taa nyingi, ambayo muuzaji aliapa kwamba ingetosha uwanja wa ndege. Ilipowashwa ilinguruma hata tukawa tunapokelea simu kwenye ngazi.

Aliyekuja kuiweka alikuwa fundi mmoja, binti aliyesomea kompyuta kule chuoni Chepkoilel, asiyecheka ovyo.

"Mzee, tunafunga kila kitu," alisema. "Halafu tunafungua tu kile kazi inahitaji."

"Hiyo ndio nidhamu," Mzee akajibu. "Lakini laptopu yangu usiiguse. Siwezi kuwa naulizwa-ulizwa kwa ofisi yangu mwenyewe."

Fundi aliniangalia. Mimi nikaangalia dari. Laptopu ya Mzee ikaachiwa njia, ipite bila kukaguliwa.

Wengine walipopata habari, foleni ikaanza mezani kwangu. Mhasibu aliomba afunguliwe ibada ya mchana ya kanisa lake mtandaoni. Mchoraji ramani alisema video za mbio za marathoni zinamsaidia kuelewa miinuko. Mzee aliidhinisha yote, maana aliona vibaya kukataa ibada, na akishakubali ibada angekataaje mbio. Kufikia Ijumaa, mtu pekee aliyezuiwa ofisini nilikuwa mimi, nilipojaribu kusoma maagizo ya faiawoli.

Mwezi uliofuata, Mzee alipata barua pepe iliyosema mzigo wake umekwama forodhani. Hakuwa ameagiza mzigo wowote. Alibonyeza kiungo tu ajue ni mzigo gani. Kufikia saa sita mchana, hakuna ramani hata moja iliyofunguka.

Fundi alirudi, akachapisha kumbukumbu za faiawoli, akaziweka mbele ya Mzee. Zilionyesha laptopu iliyowafungulia wezi mlango, na saa ilipowafungulia.

"Mashine haiwezi kukosea?" Mzee akauliza.

"Inaweza, Mzee. Hapa haijakosea."

Wakati huohuo aliingia mama mmoja mzee kutoka Chepsaita, aliyekuja kuchukua ramani ya shamba alilotaka kuwagawia wanawe. Nilijiandaa kusema umeme ulipotea. Mzee akanitangulia, akamvutia kiti.

"Ramani yako imeharibika, Mama. Wezi wa kompyuta waliingia."

"Kwani hamkuwa na mlinzi?"

Mashine ilikuwa inanguruma nyuma ya Mzee.

"Tulikuwa naye. Mimi ndio nilimwambia asiniulize kitu."

Sikuwa nimewahi kumsikia akikiri kosa, na nilijikuta namhurumia, jambo ambalo halikuwa katika mipango yangu ya siku hiyo.

Bahati nzuri, fundi alikuwa amenilazimisha kuweka nakala za mafaili kwenye diski kabatini. Tulipoteza kazi ya siku nne tu, na mama yule alipata ramani yake Jumatatu iliyofuata. Fundi alifuta ruhusa zote, ya Mzee kwanza, akaandaa fomu ya maombi, na mimi ndiye wa kuidhinisha.

Wiki hiyohiyo Mzee alikuja mezani kwangu, kofia mkononi, na fomu aliyoijaza vizuri. Alitaka kufungua tovuti ya bei za ng'ombe wa maziwa. Kwenye nafasi ya sababu alikuwa ameandika, "Binafsi."

Nilimwambia nitaliangalia ombi lake. Nililiangalia kwa siku tatu.