Sarakasi ya Mtu Asiye na Kichwa

Samahanini, niliahidi kuwaandikia tukitoka tu ukumbini, ila mdogo wake Neema ameninyonya hadi sasa hivi.

Jamani, leo hapa Biharamulo tumeangalia sarakasi ya mtu asiye na kichwa!

Vijana watatu walipanda mabegani, mmoja juu ya mwenzake. Wa juu kabisa alipotaka kusimama wima, dari likamzuia. Ukumbi wetu wa zamani ni wa mikutano na ngonjera, mnaujua.

Mnadhani walitoka nje? Thubutu! Waling'oa kipande cha dari, kijana akaingiza kichwa humo kwa popo, akasimama.

Sisi tukabaki tunaangalia shingo.

"Mama, kichwa chake kimeenda wapi?" Neema wangu akaanza kulia.

Nikamwita mshereheshaji: "Kaka, si mhamie uwanjani?"

"Dada, sarakasi kubwa hivi tuifanyie huko wanakolishia mbuzi?"

"Mbuzi hawana dari, kaka."

Watu wakacheka. Mgeni rasmi akasimama kuupongeza ukumbi, eti umethibitisha unaweza kupokea maonyesho makubwa. Na kijana bado yuko darini!

Nikawabeba wanangu, nikaondoka. Sasa nasikia mgeni rasmi alipotoka, vijana walirudia uwanjani na ilipendeza kweli.

Neema amegoma kula mpaka ajue yule kaka ni mzima.

Kwa hiyo aliyerekodi anitumie: video ya uwanjani, kuanzia mabegani kwenda juu. Yule kaka akiwa anacheka, nitashukuru zaidi.

Kiwiliwili tulishakiona.