Moto wa Kuiba Njiani Kwenda Kinole

Dada yangu wa Kinole alinitumia salamu kwamba mwanawe Tausi anatoka ndani Jumamosi. Kwetu Waluguru mtoto ni wa mjomba, na katika ukoo wetu mwali havuki kizingiti mpaka mjomba amshike mkono, tena jua likiwa bado linamwona. Likizama mjomba hajafika, mwali anarudi ndani hadi mwezi mwingine. Mjomba nilikuwa mimi peke yangu. Tausi alikuwa amefungiwa miezi mingi, na sikutaka kumwongezea hata siku moja.

Enzi hizo za Wadachi nilikuwa dereva wa Bwana mmoja mwenye shamba la kahawa, na motokaa yake ilikuwa kioja cha Morogoro nzima. Bahati yangu, Bwana alitaka miche kutoka misheni iliyo njia hiyohiyo.

"Nenda Jumamosi, rudi Jumapili," aliniambia.

Nilijibu "Ndiyo, Bwana" kwa unyenyekevu mkubwa, kisha nikaenda nyuma ya banda nikacheza ngoma peke yangu.

Alfajiri ya Jumamosi niliondoka mjini, nikipiga honi bila sababu yoyote. Nakiri, nilikuwa nimevimba kichwa.

Bigwa, nje kidogo ya mji, ndipo mvuke ulipoanza kufoka. Rejeta, lile tangi la shaba la mbele linalopoza maji ya injini, lilikuwa karibu kukauka. Nilijaza maji ya kijito, nikainama kuchungulia. Matone yalidondoka kwenye mpira unaopeleka maji kwenye injini. "Mpira tu huu," nikajisemea. Nikaufunga kitambaa, nikakaza kwa waya, nikaendelea huku nikiimba.

Saa nne injini ikachemka tena. Nikafunga kitambaa cha pili. Saa sita ikachemka mara ya tatu, juu ya kilima, na huko mbele njia ilikuwa bado ndefu. Kwa miguu ningefika giza limeingia. Nilikaa kwenye ngazi ya gari, nusura nilie.

Kando ya barabara mama mmoja wa makamo alikuwa akichoma vyungu pamoja na dada yake. Yule mama akaja kutazama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona linajikojolea hili?"

Nilimweleza habari za gari na za Tausi. Akauliza ukoo wa mama yangu. Nilipoutaja, akapiga makofi.

"Kumbe mtani! Ndiyo maana huna akili. Unafunga pale maji yanapodondokea, pale yanapotokea umepajua?"

Ukoo wake na wetu ni watani tangu zamani, na mtani akikutukana huna ruhusa ya kukasirika. Aliitwa Mama Zuhura. Aliniambia ufa wa chungu hautafutwi kikiwa kimelowa. Tukangoja gari lipoe, tukalifuta mpaka likakauka kabisa, kisha akapaka majivu makavu yaliyochekechwa kwenye rejeta na mpira wake. Nikamimina maji polepole. Tukachuchumaa kutazama.

Mpira ulibaki mweupe. Lakini nyuma ya rejeta, chini kwenye kiungo, lilitokea doa jeusi dogo kama punje ya mtama, likachora mstari mwembamba kushuka hadi kwenye mpira wangu.

"Haya, mpe pole mpira wako," alisema.

Lehemu, bati la kuyeyusha na kuzibia nyufa, nilikuwa nayo sandukuni, na chuma cha kulehemia. Kilichokosekana ni moto. Nikamwomba makaa. Akatikisa kichwa, na safari hii hakuwa akitania.

"Moto wa vyungu hautolewi. Nikikupa, vyungu vitapasuka. Hata mama yangu nisingempa."

Akatazama jua, akanitazama mimi. "Lakini mtani akiiba, mimi nifanyeje?" Akanigeuzia mgongo, akaanza kuimba kwa sauti kubwa.

Nikaiba. Nilichota makaa kwa kigae, nikapasha chuma, nikakwangua kiungo na kukisugua kwa ndimu ya chakula changu cha njiani mpaka shaba ikang'aa. Lehemu ikagoma, ikaanguka vipande vipande. Nilikuwa sijamwaga maji, nayo yakameza joto lote.

"Na huyu ndiye mjomba mtu!" alisema Mama Zuhura, mgongo bado kaugeuza.

Nikamwaga maji, nikaiba mara ya pili. Sasa lehemu ikayeyuka, ikazama kwenye kiungo. Tukajaza maji, tukapaka majivu tena, tukasubiri. Hakuna doa. Nilirukaruka barabarani bila haya. Nilipogeuka nimshukuru, Mama Zuhura alikwisha kukaa kwenye kiti cha Bwana, vyungu kamwachia dada yake.

"Twende. Mwali wenu atatokaje bila mtani?"

Mwisho wa barabara tuliacha gari, tukapanda Kinole mbiombio kati ya migomba. Ngoma zilikuwa zimenyamaza, na jua limegusa kilele cha mlima. Dada yangu alikuwa mlangoni, macho mekundu.

"Kaka! Mkono, upesi!"

Nilinyoosha mkono mweusi kwa masizi. Tausi akaushika, akavuka kizingiti, uso kauinamisha kama inavyompasa mwali. Jua lilimpiga usoni.

"Mtazameni mjomba," Mama Zuhura alipaza sauti, "amefika kwa moto wa wizi!"

Mwali haruhusiwi kucheka. Tausi alicheka mpaka mabega yakatikisika, na ngoma zikalipuka. Sijawahi kufurahi vile.

Jumapili nilichukua miche misheni, nikamrudisha Mama Zuhura kwake. Gari halikuvuja hata tone. Dada yake alitupokea, akatuonyesha vyungu viwili vimepasuka. Nikaanza kuomba radhi.

"Funga mdomo, mtani," alisema Mama Zuhura. "Udongo upo. Siku ya mtoto ikishapita, utaichimba wapi?"

Jioni nilifika Morogoro, miche mizima, Bwana akaridhika. Tangu hapo gari likivuja sikimbilii kitambaa: nalikausha kwanza, napaka majivu, nangoja maji yenyewe yaseme. Na kila nipitapo kile kilima husimama, nikatukanwa vya kutosha, ndipo naendelea na safari.