Mpira wa Mia Sita Alioudaka Loretta

Loretta Mazurek alikuwa mpishi wa shule ya msingi mtaani kwetu, Chicago, na kwa miaka thelathini na minane alikaa benchi lilelile la jukwaa la kushoto la uwanja wa besiboli, nyuma ya ukuta wenye majani. Pembeni yake alikaa wifi yake, Geraldine, dada wa marehemu mumewe. Mimi nilikaa nyuma yao. Mengine niliyaona, mengine niliyasikia, maana wawili hao hawakujua kunong'ona.

Jukwaa letu lina sheria moja tu. Mchezaji wa timu ngeni akiupiga mpira kwa gongo lake ukavuka ukuta na kutua kwetu, aliyeudaka anaurudisha uwanjani. Vya wageni hatuvitaki. Na askari wa sheria hiyo alikuwa Loretta. Kuna mwaka daktari mmoja wa meno alijaribu kuuficha mpira kwenye koti, Loretta akaanza kumwimbia "Rusha! Rusha!" mpaka jukwaa zima likaitikia, na daktari akaurusha huku masikio yamemwiva.

Basi Jumamosi moja ya Agosti wakaja wapinzani wetu, timu ya St. Louis. Mpigaji wao, Teodoro Villaseca, alikuwa ameshauvusha ukuta mara mia tano tisini na tisa maishani mwake. Kila mtu alijua kwamba mpira wa mia sita ni mali, maana wapo matajiri wanaonunua kumbukumbu kama hizo. Watu wazima, wenye wajukuu, walikuja na nyavu za kuvulia samaki. Loretta alikuja na mkate wake wa soseji na haradali.

Raundi ya nne Villaseca akaupiga. Mlio peke yake ulitutosha. Tukatazama juu, mpira ukakua, ukakua, na Loretta, katika kuinua mikono akinge uso, akajikuta ameushika. Soseji ikaishia mgongoni kwa mzee wa mbele.

"Mama yangu!" Geraldine akapiga ukelele. "Wifi, ficha! Ficha kifuani!"

"Nifiche nini na watu wote wameona?"

"Basi ukalie!"

Hapo sauti zikaanza kule juu, "Rusha! Rusha!", zikateremka mpaka uwanja mzima ukawa unaimba. Jamaa mmoja wa suti akapenya katikati ya watu, kadi mkononi. "Mama, usirushe. Nina mteja. Dola laki nne, leo hii."

"Umesikia, wifi? Laki nne!"

Loretta aliutazama ule mpira. Uso ulikuwa umempauka. "Gerri, nikiondoka nao, Jumamosi ijayo nitakaa wapi?"

"Utakaa Hawaii, mjinga we!"

Akaurusha. Wala hakuurusha vizuri. Uligonga ukingo wa ukuta, ukadondoka kwenye nyasi kama andazi. Uwanja ukalipuka. Watu wakamkumbatia, wakamwagia bia, hata yule mzee wa soseji akambusu shavuni. Geraldine tu ndiye aliyekaa, kajishika kichwa.

"Umeitupa nyumba," alisema. "Nyumba na bustani yake."

Kesho yake, kabla ya mchezo, Villaseca mwenyewe alikuja chini ya ukuta wetu. "Mama, nikupe nini?"

"Leo usipige," Loretta akamjibu.

Akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Mchezoni akauvusha ukuta mara mbili, lakini mipira yote, kwa heshima, akaielekeza jukwaa la kulia.

Geraldine alimnunia wifi yake siku tatu. Siku ya nne akampigia simu kumwambia kwamba haongei naye.

Majira ya baridi nilimuuliza Loretta kama alijuta. Hakunificha. "Wiki mbili nilijilaumu mpaka supu ya watoto nikaitia chumvi mara mbili. Lakini nimepakua supu miaka yote hii, nani aliwahi kusimama kunipigia makofi? Siku ile walisimama elfu arobaini. Ila paa likivuja, huwa najitukana."

Kiangazi kilichofuata wakapanda basi, mawifi wawili, hadi jimbo la New York, kwenye jumba la makumbusho ya besiboli ambako Villaseca alikuwa ameupeleka mpira. Waliukuta ndani ya kioo. Kadi ilisema: zawadi ya mchezaji. Basi.

"Na aliyeudaka je?" Geraldine akafoka. Akatoa risiti kwenye mkoba, akaandika nyuma yake, "Ulidakwa na Loretta Mazurek, mikono mitupu," akaibandika kwenye kioo kwa ubani aliokuwa akiutafuna.

Mlinzi akaja. Akaisoma, akamtazama Loretta. "Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi."

"Mimi mtu wa St. Louis, na bila wewe mpira huu tusingeupata," alisema mlinzi, akakuna kidevu. "Ishusheni chini kidogo, isiuzibe mpira. Mkuu wangu hapiti huku kabla ya saa kumi."

Akawapiga na picha. Iko sebuleni kwa Loretta mpaka leo: Geraldine yuko mbele, kifua nje, kana kwamba yeye ndiye aliyedaka, nyuma yake unaona nywele za Loretta na sikio moja.